Wasia, Sikio na Siri ya Mtoto

Hakuna watu waliokosa maneno ya kumwonya mtoto. Lugha ya Kiswahili ina akiba kubwa ya maneno hayo: ina methali za malezi, ina nyimbo za jando na unyago, ina tenzi za wasia, na ina hadithi ambazo kila moja yao humalizika kwa onyo. Mtu akikusanya yote yaliyosemwa kwa watoto katika lugha hii atajaza sanduku. Lakini akitafuta yaliyosemwa na watoto, na mtu mzima akayasikiliza mpaka mwisho kabla ya kufumbua kinywa chake, pengine hayatajaza kiganja. Kama upungufu huo ungalikuwa wa fasihi tu, tungaliuacha kwa wahakiki wakaujadili kwa starehe zao. Walakini umekuwa upungufu wa shule vilevile; kwa sababu mwalimu aliyepewa kazi ya kuwashauri wanafunzi, ajue asijue, amejifunza namna ya kushauri kutoka katika wasia aliousikia utotoni kuliko kutoka katika kitabu chochote cha ualimu.

Makusudi ya insha hii ni kuipima sanaa ya wasia katika baadhi ya maandishi yetu yajulikanayo, kisha kuuliza ni lipi katika sanaa hiyo mwalimu mshauri anaweza kulirithi kwa haki, na ni lipi analopaswa kuliacha mlangoni kabla ya kumkaribisha mtoto aketi. Swali hili si la mapambo. Mtoto mmoja akikosewa katika chumba kile, hasara yake haipimwi kwa alama za mtihani.

Tuanze na utenzi ambao kila mwanafunzi wa Kiswahili ameusikia. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa. Mwanzo wake unavutia sana. Mama anamwita binti asogee karibu, aje na wino na karatasi, apokee maneno ambayo yatamfaa kama hirizi na kumpamba kama kidani. Kisha yanafuata mafunzo ya kumcha Mungu, ya adabu mbele za watu, ya kuutunza ulimi, na ya kumridhisha mume. Uzuri wa utenzi huu ni uzuri wa pumzi za mwisho: mama anayeondoka duniani hana nafasi ya mazungumzo marefu, ana nafasi ya kukabidhi tu. Anakabidhi alichonacho chote, na hatuna haki ya kumlaumu kwa ajili ya mkono wake uliojaa.

Lakini na tumtazame kidogo binti aliyeketi na kalamu. Ameandika beti zote na hakuandika neno lake hata moja. Hatujui kama aliogopa, au alikubali, au alitaka kuuliza jambo moja akaona haya. Kimya chake ni sehemu ya utungo: wasia hauwezi kusimama ila kwa kimya cha apokeaye. Hali ni hiyo hiyo katika tenzi ambazo Shaaban Robert aliwaandikia watoto wake, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Baba anasema kwa upole mkubwa, na mapenzi yake yanaonekana katika kila ubeti. Bado mtoto anasikiliza, na kusikiliza kwake ndiyo adabu yake.

Umbo hili lilikuwa halali kwa sababu tatu. Kwanza, msemaji alikuwa mzazi, na mapenzi yake hayakuhitaji shahidi. Pili, msemaji na msikilizaji walikuwa watu wa nyumba moja, wa dini moja na desturi moja. Neno alilolitumia mama lilikuwa na maana ile ile katika sikio la binti. Tatu, maisha yaliyokuwa mbele ya binti yalifanana na yale aliyoyapita mama, na kwa hiyo mama aliweza kuyasema kama mtu anayesimulia njia aliyoipita jana. Kila moja ya sababu hizi ikiondoka, wasia hupoteza mguu mmoja. Mwalimu wa leo, anapomwita mtoto asiye wake, mwenye desturi asiyoijua, na maisha ambayo yeye mwenyewe hakuyaishi, anataka kusimama juu ya kigoda kisicho na mguu hata mmoja.

Yamkini msomaji atajibu ya kuwa wazee wetu walilijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana hawakumwachia mzazi peke yake kazi ya kumfunda mtoto. Jibu hilo ni la kweli, na linastahili kutazamwa vizuri. Katika desturi za pwani, na za bara nyingi vilevile, mwari hakufundwa na mama yake mzazi. Alikuwapo somo, alikuwapo kungwi, mwanamke aliyeaminiwa, ambaye alimpokea msichana wakati wa kuvunja ungo na kuendelea kuwa mtu wake mpaka ndoani na baada ya ndoa. Hekima ya mpango huo ilikuwa kubwa. Wazee waliona ya kuwa kuna mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia mama yake, si kwa sababu hampendi, bali kwa sababu anampenda na anamwonea haya. Wakamtafutia mtu wa tatu: wa karibu kiasi cha kuaminika, wa mbali kiasi cha kuambilika. Na siri ilikuwa amana ya kazi hiyo. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata ikianza kutangaza yaliyomo mtungini, hakuna atakayeitia tena maji.

Basi katika kungwi mwalimu mshauri anaye babu wa kazi yake, na si lazima aende ng'ambo kumtafuta. Urithi wake ni mambo mawili: umbali wenye huruma, na utunzaji wa siri. Lakini yako mawili mengine ambayo hawezi kuyarithi. Kungwi alikuwa mdomo wa desturi. Hakumwuliza mwari anapenda kuwa mwanamke wa namna gani. Alimwambia mwanamke ni wa namna gani. Tena, ikiwa desturi yenyewe ilikuwa na jambo la kumdhuru mwari, kungwi hakuwa mtetezi wake, maana mara nyingine ndiye aliyemshika mkono kumpeleka. Katika kijiji chenye desturi moja watu waliweza kuishi na upungufu huo bila ya kuuona. Shule haiwezi.

Shule haiwezi kwa kuwa ni nyumba ya desturi nyingi. Tanzania ina makabila yazidiyo 120, na Kenya yazidiyo 40, na katika bweni moja la shule ya serikali vitanda vya watoto wa makabila hayo vimepangwa bega kwa bega. Mmoja amefundishwa ya kuwa kumtazama mkubwa machoni ni ujeuri. Mwingine amefundishwa ya kuwa kuinamisha uso ni dalili ya hatia. Mmoja anatoka katika nyumba ambayo mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mtoto. Mwingine hajui mjomba kuwa ni zaidi ya mgeni wa sikukuu. Mmoja anafunga Ramadhani, mwingine anafunga Kwaresima, na wa tatu babu zake wanatambika. Mwalimu akimwita mtoto ofisini, mtoto akainamisha uso na kunyamaza, mwalimu asiyejua ataandika katika daftari lake ya kuwa mwanafunzi huyu amekosa na anakataa kukiri. Pengine mtoto alikuwa anamheshimu kwa heshima kubwa aliyofunzwa kwao. Hukumu imetoka, nayo imetoka kwa sababu ya kutafsiri vibaya shingo.

Ndiyo maana mataifa yalipokaa kuandika haki za mtoto hayakuishia katika chakula, dawa na masomo. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unaagiza katika kifungu cha 12 ya kuwa mtoto awezaye kuwa na maoni ayaseme katika kila jambo linalomhusu, na maoni yake yapewe uzito kwa kadiri ya umri na upevu wake. Kifungu cha 16 kinalinda faragha yake, na cha 30 kinalinda haki ya mtoto wa jamii ndogo kuifuata mila, dini na lugha ya watu wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, unayakubali mengi ya hayo, na kuongeza mambo mawili yanayotugusa kwa karibu: kifungu cha 21 kinazitaka nchi ziondoe mila zinazomdhuru mtoto, na cha 31 kinamwekea mtoto wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa wake. Tanzania iliyatia mambo ya namna hii katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ukiyasoma maandishi haya kwa jicho la mhakiki wa fasihi, si la mwanasheria, utaona ya kuwa yamefanya jambo ambalo tenzi zetu hazikulifanya: yamempa yule binti mwenye kalamu ruhusa ya kujibu.

Sasa tuje kwenye kitabu kinachoonyesha, kuliko kingine nikijuacho katika Kiswahili, nini hutokea ruhusa hiyo ikinyimwa. Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake Rosa Mistika mwaka 1971. Wengi wameisoma kama hadithi ya msichana aliyepotea, wakaifunga kwa kusema ya kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nadhani wamekisoma kitabu kwa mgongo wake. Rosa hakukosa mafunzo. Alikosa mtu wa kumsikiliza. Baba yake, Zakaria, aliigundua barua aliyoandikiwa binti yake na kijana aitwaye Charles, akampiga kwa ajili yake. Tulitie akilini tendo hilo. Barua ni siri ya kwanza ya mtoto anayeingia utu uzima. Siri ile ilichukuliwa kwa nguvu na kujibiwa kwa fimbo, na tangu siku ile Rosa alijua ya kuwa jambo lolote la moyo wake likionekana litaadhibiwa. Hakujifunza kuwa mwema; alijifunza kuficha.

Baadaye alikwenda shule, na kutoka shule akaenda chuo cha ualimu, na huko akapata uhuru. Lakini uhuru aliopewa bila ya mtu wa kumwuliza namna ya kuutumia ulikuwa kama mtumbwi aliopewa mtu asiyejua kasia, naye yuko katikati ya ziwa. Jambo la kutisha zaidi katika riwaya hii, na ambalo wahakiki wamelipita haraka, ni ya kuwa pale mahali penyewe palipopasa kuwa na mshauri, penye walimu wanaofundisha walimu, mkuu wa chuo mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanaume waliomtumia. Mlinzi wa mlango alikuwa mwizi. Mwandishi hakutoa hotuba juu ya maadili ya ualimu. Aliliweka jambo mbele yetu na kuliacha linuke. Mwisho Rosa alijiua, naye Charles, yule aliyeiandika barua ya mwanzo, alikuwa amekwisha kumwacha.

Kitabu hiki kilizuiwa kusomwa mashuleni nchini Tanzania kwa kitambo, kwa kuwa kilisema wazi mambo yasiyosemwa wazi. Ninawaelewa waliokizuia, walikuwa wanawalinda watoto kama Zakaria alivyokuwa anamlinda Rosa. Walakini mhakiki hana budi kusema ya kuwa kizuizi kile kilirudia kosa lile lile linaloonyeshwa kitabuni. Msichana aliyekuwa na swali la Rosa hakuweza kumwuliza baba, hakuweza kumwuliza mwalimu, na sasa hakuweza kukiuliza hata kitabu.

Wako wasemao ya kuwa dawa ya haya yote imekwisha kupatikana katika elimu ya ushauri iliyotoka Marekani. Mwanasaikolojia Carl Rogers, katika kitabu alichokitoa mwaka 1951, alifundisha ya kuwa mshauri asimpe mtu njia, bali amsikilize kwa moyo wote, amkubali bila ya masharti, mpaka yeye mwenyewe aione njia yake. Mafundisho hayo yameingia katika vyuo vingi vya ualimu, nayo yana ukweli mkubwa. Lakini yakichukuliwa kama yalivyo na kupandwa katika udongo wetu, hayaoti yote. Mtoto aliyelelewa katika wasia humwendea mkubwa akitazamia neno. Mkubwa akikaa kimya, akirudisha kila swali kwa swali, mtoto haoni ya kuwa anaheshimiwa. Huona ya kuwa amenyimwa, au ya kuwa mwalimu hajui. Kwa mtu wa kwetu kunyimwa neno la mkubwa ni aina ya kufukuzwa. Basi sisemi ya kuwa mwalimu aache wasia. Ninasema auweke mahali pake, nayo ni mahali pa mwisho. Asikilize kwanza, aulize pili, aseme tatu. Na akisema, aseme kama mtu anayempa mwenziwe taa, si kama anayemfunga kamba.

Na tuchukue mfano mmoja tuone kama maneno haya yanaweza kubeba uzito. Mkoani Mara, katika baadhi ya miaka, mwezi wa Desemba shule zinapofungwa huwa ni msimu wa kuwakeketa wasichana miongoni mwa baadhi ya jamii. Sheria ya Tanzania imelikataza jambo hilo kwa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, na Kenya imelikataza kwa sheria yake ya mwaka 2011. Bado liko, na wasichana wengine hukimbilia nyumba salama kuliepuka. Tuseme msichana wa miaka 13 anamjia mwalimu wa malezi mwezi wa Novemba na kumwambia, “Mwalimu, naomba usimwambie mtu. Nikirudi nyumbani nitakatwa. Nami sitaki baba yangu afungwe.”

Katika sentensi hizo chache zimo elimu yote ya ushauri na mashaka yake yote. Mtoto ametoa siri, ameomba itunzwe, ameonyesha hofu ya mwili wake, na ameonyesha mapenzi kwa baba yake. Mwalimu anaweza kukosea kwa njia mbili. Akiwa mgeni wa desturi ile, anaweza kuinuka kwa hasira na kuwatukana watu wa msichana kuwa ni washenzi. Atakuwa amesema kweli juu ya kisu, na amesema uongo juu ya mama, shangazi na bibi wa mtoto. Na mtoto, ambaye amekuja akiwapenda watu wake, atajifunga kama konokono. Akiwa ni mwenyeji, anaweza kukosea kwa njia ya pili: aseme kwa upole ya kuwa haya ni mambo yetu, mwacha mila ni mtumwa, vumilia mwanangu. Huyu wa pili anadhani anaiheshimu mila. Kwa hakika anaiheshimu mila ya wakubwa, na kuisahau haki ya yule mmoja wa kabila hilo aliyeketi mbele yake. Maana msichana yule ni wa kabila lile vilevile. Sauti yake nayo ni sauti ya watu wake, tena ndiyo ya wale watakaokuwapo kesho.

Heshima kwa tamaduni nyingi, basi, haimaanishi ya kuwa kila desturi ni sawa na nyingine mbele ya mwili wa mtoto. Maana yake ni ya kuwa mwalimu amjue mtoto katika desturi yake kwa kadiri ya kutosha kumfahamu, na asiitumie desturi hiyo wala kumdharau wala kumtoa sadaka.

Na siri je? Hapa ndipo maadili ya mwalimu yanapotengana na ya kungwi. Siri ya mtoto ni amana, lakini si amana iliyo juu ya uhai na mwili wake. Mwalimu hana budi kulisema hilo kabla siri haijatoka, si baada yake. Kama amezoea kuwaambia wanafunzi wake mwanzo wa mwaka ya kuwa, “Mtakayoniambia nitayatunza, ila nikiona mtu atadhurika, nitatafuta msaada, na wewe utakuwa wa kwanza kujua,” msichana wetu atakuwa amekuja akijua mpaka ulipo. Sheria ya mwaka 2009 inamwagiza mtu yeyote katika jamii mwenye habari ya kuvunjwa kwa haki za mtoto aipeleke kwa mamlaka ya serikali ya mtaa wake. Na wako maafisa wa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Mwalimu atakwenda huko. Lakini atakwenda akiwa amemwambia mtoto anakwenda wapi, kwa nani, na kwa nini. Amemwuliza ni nani katika ukoo anayeweza kusimama upande wake. Na ameilinda habari isipite katika ofisi ya walimu kama kikombe cha chai. Mwalimu aliyeitoa siri kwa mmoja anayehusika ameitunza. Aliyeitoa kwa watatu wasiohusika ameiuza, hata kama hakulipwa.

Yapo mambo mawili katika shule zetu yanayoivunja kazi hii kabla haijaanza, nami sina budi kuyataja. La kwanza ni fimbo. Kenya iliipiga marufuku mashuleni mwaka 2001. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa kitabuni. Tuuache mjadala wa kama fimbo hufunza au haifunzi. Tuulize dogo tu: mkono uliomchapa mtoto asubuhi waweza kupokea siri yake alasiri? Katika shule nyingi mwalimu mmoja, kwa uchache wa walimu, ni mwalimu wa nidhamu na mshauri kwa pamoja. Mtoto si mjinga. Anajua ya kuwa akikiri kosa mbele ya mshauri amelikiri mbele ya fimbo. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi hutajwa sana na wapendao njia hiyo. Lakini samaki yule, mbichi au mkavu, amekwisha kuvuliwa, wala hatuna khabari ya maoni yake.

La pili ni lugha. Watoto wengi hulia kwa lugha moja, hucheza kwa lugha ya pili, na hufanya mtihani kwa lugha ya tatu. Ziko shule ambazo mtoto huadhibiwa kwa kusema lugha ya kwao, na nyingine katika sekondari ambamo hata Kiswahili ni kosa. Kisha mtoto yule yule huitwa aeleze yaliyo moyoni mwake. Ataelezaje? Maneno ya aibu, ya hofu na ya mapenzi hukaa katika lugha ya nyumbani, na mlango wa lugha hiyo tumeupiga misumari. Mwalimu asiyeijua lugha ya mtoto hana lawama. Lakini aliyemfundisha mtoto kuionea haya amejifungia nje mwenyewe.

Liko pingamizi moja la mwisho, nalo husemwa na watu wa heshima: ya kuwa haki hizi zitawafanya watoto wasiwe na adabu, na ya kuwa mtoto aliyezoea kusikilizwa hatazoea kusikiliza. Ningewaomba wasome tena kifungu kile cha 31 cha mkataba wa Afrika, waone ya kuwa haki na wajibu vimewekwa katika hati moja na wala havikugombana. Lakini jibu langu hasa linatoka katika maisha ya kila siku. Mtoto hujifunza kusikiliza kwa kusikilizwa, kama anavyojifunza kusema kwa kusemeshwa. Aliyenyamazishwa huwa mtulivu, na utulivu hufanana na adabu mpaka siku mlango ukifunguliwa. Rosa alikuwa mtulivu sana nyumbani kwa baba yake.

Tumezoea kusema ya kuwa sikio la kufa halisikii dawa, na kila mara tunamaanisha sikio la mtoto. Yafaa walimu na wahakiki waligeuze neno hilo kidogo na kulielekeza kwao wenyewe. Dawa tunayo: tunayo katika siri ya kungwi, tunayo katika upole wa Shaaban Robert, tunayo katika sheria zetu, tunayo katika onyo la Kezilahabi. Kinachotafutwa ni sikio la mkubwa.

Na kwa wanafunzi wa fasihi watakaoisoma insha hii nina ombi moja. Watakapofungua tena utenzi wa Mwana Kupona, wausome kwa heshima ile ile unayostahili. Lakini wakifika mwisho wasiufunge upesi. Wamtazame binti aliyeketi karibu na kitanda, wino ukiwa bado haujakauka, mama amekwisha kusema yote. Kalamu imo mkononi mwake, na karatasi haikosi mahali peupe. Anayetaka kuwa mwalimu na ajizoeze kuketi kimya mbele ya mahali pale peupe, mpaka binti aanze kuandika.